Tela Lililotutia Adabu

Nyumba zetu za Jericho, mashariki ya Nairobi, ni ndogo, na jamaa zetu wa Mombasa ni wengi. Kila Idi tulilipa nauli za watu saba, tukafika kulala kwa kubanana. Ndipo tukaazimia kununua gari la kulala.

Tulishauriwa tukope. Tulikataa deni la riba, tukadunduliza miaka mitatu, tukanunua matatu kuukuu kwa fedha taslimu. Viti viling'olewa, vitanda vikaundwa. Fundi akatuchomea tela la kubebea hema, masufuria na mitungi ya maji; likasajiliwa kwa nambari yake yenyewe, ianzayo kwa herufi Z kama matela yote ya Kenya.

Mitungi tuliipanga nyuma kabisa ili iwe rahisi kushushwa. Kwenye mteremko kabla ya Mtito Andei, tela lilianza kuyumba, likalivuta gari huku na huku. Watoto walilia. Baba yao hakukanyaga breki kwa pupa. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani sawasawa hadi likatulia. Alhamdulillahi.

Dada zetu, kabla ya kuchagua mapazia, ulizeni gari laruhusiwa kuvuta kilo ngapi, na kagueni breki na magurudumu. Mizigo mizito ikae mbele kidogo ya ekseli, hata sehemu moja ya kumi hivi ya uzito wa tela iegemee ndoano.

Idi ijayo, inshallah, tutaupita tena mteremko ule. Mitungi itakuwa mbele.