Mzazi, umewaandikia nini wanao?

MSOMAJI, siku utakapofumba macho, wanao watarithi shamba na ng'ombe. Je, busara yako watairithi vipi?

Mnamo 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu kisiwani Pate, alikuwa mgonjwa. Hakuyaacha maneno yake yapotee. Alimtungia bintiye utenzi wa beti zipatazo mia moja: ashike dini, awe na adabu na ukweli, asisengenye watu, amtunze mumewe. Inakisiwa alifariki miaka michache baadaye. Usia wake ungali unasomwa hadi leo.

Yamo ambayo binti wa siku hizi atayapinga, hasa ule utiifu wa mke kwa mume. Si neno. Lakini atapingaje, au atafuataje, usia ambao hakuachiwa?

Basi nunua daftari leo. Andika yale uliyojifunza kwa machungu: deni lililokutesa, rafiki aliyekufaa, kosa usilotaka walirudie. Usingoje kuugua. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno yako nayo ni mali.