Shamba la Wakongwe na Mayatima

Nyakoe ni soko lililo kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Kisumu, katika nchi ya vilima, migomba na majani chai. Ardhi ina rutuba, lakini watu ni wengi, na mashamba yamegawanywa baina ya warithi hata mengine hayatoshi kulisha nyumba moja. Mahali kama hapo, mkongwe asiye na mtoto huonekana mzigo upesi.

Tena huweza kuonekana adui. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, si mbali na Nyakoe, vikongwe wanne wa kike waliuawa na umati wa watu kwa tuhuma za uchawi. Nyuma ya tuhuma kama hizo mara nyingi hujificha tamaa ya shamba la mjane. Nasi wa pwani tusijitoe: Kilifi nako mvi zimegeuzwa ushahidi, na Kaya Godoma, Ganze, ikawa kimbilio la wazee waliotishiwa na jamaa zao wenyewe.

Serikali huwapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Ni msaada, lakini hauwezi kumpa mtu paa wala mwenzi wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo twaona kwamba nyumba ya wazee na mayatima katika nchi ya Kisii yafaa isimame juu ya shamba lake yenyewe. Michango huja Ramadhani ikakauka Shawwal. Ng'ombe wa maziwa hukamwa kila siku. Bibi asiyeweza tena kushika jembe bado aweza kuchambua mnavu na mgagani, na kumfundisha mtoto majina ya mbegu.

Waislamu tuna njia ya kale ya jambo hili. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, aliifanya wakfu: asili haiuzwi wala hairithiwi, mazao huwaendea mafukara na jamaa. Mababu zetu waliiwekea misikiti minazi kwa njia hiyo hiyo. Hati iandikwe mapema, kabla warithi wa mtoaji hawajaanza kuhesabu migomba.

Kuhusu mayatima, mkakati wa taifa wa 2022 wataka mtoto alelewe kwanza na jamaa zake. Basi nyumba hiyo isiwachukue watoto wenye shangazi au mjomba aliye tayari; iwapelekee huko maziwa na karo, na vitanda viachiwe wale wasio na mtu.