Kujitoa kwa Mungu Kila Kukicha

Pale Koni, katika nchi ya Likasi, mto Lufira hutumikishwa mara mbili: maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya Mwadingusha, iliyoanza kazi mwaka 1930, huteremka hadi kituo cha Koni, kilichofuata mwaka 1950, yakazungusha mitambo mingine kwa manufaa ya migodi na viwanda vya shaba. Watu wa zamu wajua vema kwamba maji yaliyopita jana, yangekuwa mengi namna gani, hayana msaada kwa mtambo wa leo; na Mkristo aliyeutoa moyo wake kwa Mungu siku ya ubatizo, au usiku mmoja wa mkutano wa injili, akadhani kwamba jambo hilo limekwisha, amesahau habari hiyo.

Mathayo, Marko na Luka, wote watatu, wameandika agizo la Yesu la kujikana nafsi na kuuchukua msalaba, lakini ni Luka peke yake aliyeongeza kwamba yafanyike kila siku. Haikuwa rahisi kwa Kanisa kulishika neno hilo, kwa kuwa sisi binadamu twapenda nadhiri kubwa zenye mashahidi kuliko utiifu mdogo usioonwa na mtu. John Wesley mwenyewe, alipowakusanya wafuasi wake mjini London mwaka 1755 kwa ibada ya agano, aliwapa maneno mazito ya kujiweka mikononi mwa Mungu, na mapokeo hayo Wamethodisti wameyahifadhi, aghalabu kwa ibada ya mwanzoni mwa mwaka. Imani yao ililetwa Katanga mapema katika karne ya 20 na John Springer na mkewe Helen, na Mulungwishi, kwenye njia ya kutoka Likasi kwenda Kolwezi, hata leo ni makao ya elimu yao. Ibada ile ni tukufu, ila mwezi wa Januari hupita, na mtu akabaki na Februari yake, mshahara ukiwa umechelewa na mtoto ana homa.

Basi ifanyweje? Wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatia watu 96 kwa muda wa majuma 12, wakaona kwamba tendo dogo lifungamanishwalo na jambo la kila siku, kama vile chakula cha asubuhi, hugeuka mazoea baada ya siku 66 kwa wastani, ijapokuwa wengine walikadiriwa kuhitaji 18 tu na wengine 254. Tena waliokosa siku moja hawakuharibikiwa. Utafiti huo ulihusu kunywa maji, kula matunda na kufanya mazoezi, wala haukugusa sala. Hata hivyo naona una rehema ndani yake kwa Mkristo aliyelala pasipo kusali, akaamka akijihukumu kuwa amerudi nyuma kabisa. Na aichague saa ambayo tayari ina kazi yake: kabla ya kufungua mlango kwenda zamu, au wakati maji ya chai yanapochemka jikoni, kabla simu haijashikwa. Dakika mbili zatosha, mradi asiseme kwa ujumla kwamba anatoa vyote, kwani vyote ni rahisi kutoa kwa mdomo. Ataje deni lile, ugomvi ule na shemeji, hofu ile ya kufukuzwa kazi, akikabidhi kimoja kimoja.

Hapa hapana budi kuwa na tahadhari, hasa katika nchi ya migodi. Katika zama za Union Minière, kampuni hiyo ya migodi ilimpangia mfanyakazi nyumba, posho na shule ya watoto, na kanisa likasimama jirani yake. Ilikuwa rahisi mno kuhubiri unyenyekevu kwa namna iliyomfurahisha bwana mkubwa. Kutawakali kwa Mungu si kuridhia dhuluma. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alikuwa amejitoa kabisa kwa Mola wake, na kwa sababu hiyo hasa alimkatalia ofisa wa waasi aliyemtaka, kisha akamsamehe. Asiyejitoa kwa Mungu angepata wapi nguvu ya kukataa vile?

Katanga yenyewe iliwahi kuonyesha jambo jingine ambalo vitabu vingi vya ibada hulipuuza, nalo ni kwamba mazoea haya hayapendi upweke. Jamaa, chama kilichozaliwa Kolwezi mnamo mwaka 1953 kwa mafundisho ya padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, kilienea miongoni mwa wafanyakazi wa migodi, kikazungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo, na kikamtaka mume aingie pamoja na mkewe. Baadaye chama hicho kilipata mgogoro na maaskofu, na sitaki kuuamua hapa. Lakini katika jambo hili la wawili naamini kilikuwa na haki. Mume akimuuliza mkewe usiku, pasipo ukali, ni lipi walilolikabidhi asubuhi kisha wakalinyang’anya tena ilipofika adhuhuri, hupata jibu ambalo peke yake asingelipata. Na asiye na mwenzi aweza kumwendea jirani au ndugu wa kanisani, mtu mmoja tu, na asiwe msemaji.