Mlokole Ikulu na Utulivu wa Taifa

Kila nifundishapo historia ya Zambia, hapakosi mwanafunzi wa kuniuliza: je, ulokole haukuleta utulivu kule? Tarehe 29 Desemba 1991, Rais Frederick Chiluba, mlokole, aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo. Makanisa makuu hayakushauriwa. Tamko hilo likatiwa katika utangulizi wa katiba ya 1996, katiba ile ile iliyomfungia Kenneth Kaunda, mwana wa mhubiri kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), mlango wa kugombea urais. Mwaka uliofuata wanajeshi wakajaribu kuipindua serikali. Hali ya hatari ikatangazwa. Utulivu gani huo?

Hata hivyo, tusiwalaumu walokole wote. Chiluba alipoonekana kuutamani muhula wa tatu, mwaka 2001, jumuiya ya makanisa ya kiinjili ilisimama bega kwa bega na maaskofu wa Kikatoliki, mawakili na vyama vya wanawake, wakampinga hadharani. Huu, naona, ndio uliokuwa mchango wao mkubwa kwa amani: kumkatalia ndugu yao katika imani. Mwezi Mei Chiluba akatangaza kwamba hatagombea. Kura zikapigwa Desemba, jina lake halimo.