Ikianza kula oili: shusha injini, ongeza oili au uza?

Umri wa pikipiki ya biashara hauhesabiwi kwa miaka. Bodaboda ya Dar es Salaam inayokimbia kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inamaliza kilomita 31,200 kwa mwaka. Mtu anayeendesha kilomita 15 tu kila siku atahitaji zaidi ya miaka 11 kufika pale bodaboda inapofika kwa miwili. Ukiambiwa "hii ina miaka miwili tu," bado hujaambiwa kitu. Wala usiiamini sana mita ya kwenye dashibodi: kebo yake hukatika ikaachwa hivyo hivyo, na mita yenye tarakimu tano ikipita 99,999 inaanza tena sifuri.

Chombo cha namna hiyo hakikosi gharama ya ghafla, na inayouma kuliko zote ni siku fundi anaposema, "Hii inakula oili, tushushe injini."

Kabla hujakubali, uliza moshi unatoka lini. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi unapowasha kisha ukakata, mara nyingi ni sili za vali, kitu cha bei ndogo. Ukitoka muda wote na kuzidi ukivuta mafuta, shaka inahamia kwenye ringi za pistoni na bloku. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni anaweza kulithibitisha bila kufungua hata nati moja ya injini: anatoa plagi, anapima, anadondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi, anapima tena. Kipimo kikipanda, ringi au bloku imekwisha. Kisipopanda, tazama vali. Asiye na kipimo hicho anakisia, na kukisia kwake unakulipia wewe.

Tuseme basi ni ringi. Hapo unatajiwa njia mbili, na wengi hukimbilia ya bei ndogo: kubadilisha ringi peke yake. Tupige hesabu kwa bei za mfano tu, wewe utaweka za dukani kwenu. Ringi na ufundi 100,000. Kuchonga bloku na kuweka pistoni iliyozidi saizi kwa milimita 0.25 au 0.50, 240,000. Bloku iliyolika haibaki duara, na ringi mpya ndani yake haikai sawasawa. Ikidumu miezi mitatu, umelipa kama 33,000 kwa mwezi. Ile ya 240,000 ikidumu mwaka, umelipa 20,000. Halafu kuna jambo ambalo mafundi hawaliandiki kwenye risiti: ya kwanza inakusimamisha mara nne kwa mwaka, ya pili mara moja. Ukitaka kujua kama ringi peke yake inatosha, mwambie fundi aingize ringi mpya ndani ya bloku, apime mwanya wa ncha zake kwa filagiji mbele yako. Akikataa, ondoka na pikipiki yako. Kama kuna mlio wa kugonga chini ya injini na konrodi inacheza, sahau bei zote hizo. Injini itapasuliwa nzima.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi hawaipendi: kutofanya chochote. Pikipiki inayokula robo lita kwa wiki, lakini inavuta vizuri, itakunywea lita 13 kwa mwaka. Oili ikiwa 10,000 kwa lita, hiyo ni 130,000, tena unalipa kidogo kidogo. Kwa mtu anayetaka kufunga mwaka wa shule wa watoto kwanza, ni uamuzi wa akili. Sharti lake ni moja: kupima oili kila asubuhi bila kukosa, maana ikikauka njiani kranki inaondoka pamoja na kila kitu. Dereva wa hesabu asiye mmiliki hatapima. Tumwelewe, si chake.

Cheni sitaikalia sana. Inabadilishwa pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inalika upesi na utarudi dukani. Ivute kwa nyuma kwenye sproketi kubwa: ikiinuka hadi ukaona nusu ya jino, imekwisha.

Kuhusu spea, Kariakoo utapata kifaa kimoja kwa bei tatu. Mimi nalipa ya juu kwa vitu vya ndani ya injini, breki, beringi za magurudumu na tairi. Vioo, taa za indiketa, madigadi na kava la siti, chukua ya bei ndogo na usione aibu. Injini iliyotumika ina kishawishi chake, ila namba ya injini imeandikwa kwenye kadi. Ukibadilisha bila kwenda TRA, utakuwa na pikipiki nzima isiyouzika.

Sasa mkataba wa pikipiki mpya. Tuseme 10,000 kwa siku, siku 26: ni 260,000 kwa mwezi, 3,120,000 kwa mwaka. Mwaka ukiisha una chombo cha kuuza labda 1,800,000, kwa hiyo kilichokutoka kweli ni kama 110,000 kwa mwezi. Ya zamani ikila matengenezo ya 600,000 kwa mwaka, ni 50,000 kwa mwezi. Inaonekana imeshinda kirahisi, mpaka uhesabu siku za kusimama. Ukipoteza siku mbili kwa mwezi, kila siku 20,000, jumla 90,000: baki nayo. Zikifika nne, jumla 130,000, na mpya ndiyo nafuu. Bei ya spea haikugeuza hesabu hii hata kidogo; siku mbili za gereji ndizo zilizoigeuza. Ndiyo sababu Boxer au TVS iliyochoka naithamini kuliko pikipiki changa ya jina lisilojulikana: spea zake ziko hata mji mdogo, hungoji basi la kesho kutwa.

Fremu iliyopasuka shingoni ikachomelewa ni suala jingine. Hiyo sifanyii hesabu, nauza.

Na ukiamua kuuza, usishushe injini kwanza. Mnunuzi hatakurudishia 240,000 zako, kwa sababu hawezi kuiona pistoni mpya, na injini iliyofunguliwa juzi inamtia wasiwasi kuliko inayotoa moshi. Mwambie inakula kiasi gani kwa wiki, punguza bei, mwache aje asubuhi aiwashe ikiwa baridi. Fedha ya ukarabati iingize kwenye malipo ya awali ya ile inayofuata.