Kimelea cha malale hubadilikaje kikitoka kwa mbung'o na kuingia kwenye damu ya mtu? Siri iko kwenye protini hizi

Mbung'o akikuuma, maumivu ya sindano yake yanaisha mapema. Shida ni kile anachoweza kukuachia kwenye damu: kimelea kinachoitwa Trypanosoma brucei, chenye urefu wa takriban mikromita 20. Yaani ukipanga 50 kwenye mstari mmoja ndo unapata milimita moja. Hicho ndicho kinacholeta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe.

Mwanzoni mgonjwa hupata homa, kichwa na viungo vinauma, na wengi hudhani ni malaria. Baadaye kimelea huingia kwenye ubongo. Usingizi unavurugika, mtu analala mchana na kukesha usiku, anachanganyikiwa, na asipotibiwa kwa kawaida hufa. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa huu uliua watu wanaokadiriwa kufika 250,000 au zaidi huko Busoga na pwani ya Uganda ya Ziwa Victoria.

Lakini kimelea hiki kina jambo moja la ajabu ambalo halisemwi sana. Kinaishi katika nyumba mbili zisizofanana hata kidogo.

Kwenye damu kuna joto la nyuzi 37, sukari tele, na askari wa kinga ya mwili wanaokitafuta. Kwa hiyo kinavaa koti la protini takriban milioni 10 za aina moja, na askari wakishalizoea, baadhi ya vimelea huwa vimeshavaa koti jingine. Kwenye tumbo la mbung'o hali ni tofauti: kuna ubaridi zaidi na sukari ni adimu. Huko kinalivua koti lile, kinavaa lingine, na kubadilisha hata namna ya kupata nguvu. Kisha kinasafiri hadi kwenye tezi za mate za mbung'o na kuvaa tena koti la damuni, tayari kwa mtu au mnyama mwingine. Safari hiyo huchukua wiki tatu hivi au zaidi.

Sasa, kinajuaje ni saa ngapi ya kubadilisha nguo?

Ili kuelewa, chukulia jeni kuwa kitabu cha mapishi kinachofungiwa kabatini. Kitabu hakitoki. Kinachotoka ni fotokopi ya pishi moja, nayo ndiyo RNA. Mpishi anaisoma fotokopi na kutengeneza protini. Viumbe wengi, sisi tukiwemo, huamua mapema ni ukurasa upi utolewe kopi. Usipohitajika, mashine haiwashwi.

Kimelea cha malale karibu hakina uamuzi huo. Jeni zake zimepangwa foleni ndefu, makumi kwa makumi, na foleni nzima hunakiliwa kwa mkupuo. Halafu kopi hiyo ndefu hukatwa vipande, na kila kipande hupachikwa mwanzoni kichwa kilekile cha herufi 39. Ni kama mtu anayetoa kopi ya kitabu kizima kila siku, mapishi ya Pasaka na ya msibani humohumo.

Kwa hiyo uchaguzi unakuja baada ya kopi kutoka. Ipi isomwe, ipi iwekwe, ipi ichanwe na kutupwa. Wanaofanya kazi hiyo ni protini zinazoshika RNA, na kimelea hiki kinazitegemea kuliko viumbe wengi wanavyozitegemea.

Umbo lake linaeleza kazi yake. Sehemu ya kushikia iliyo maarufu zaidi ni mnyororo wa amino asidi 90 hivi uliojikunja: nyuzi nne zimelala kando kwa kando kama ukili kwenye mkeka, na nyuma yake kuna visokoto viwili vinavyoukaza. Juu ya mkeka huo hutokeza pete bapa. Herufi za RNA nazo ni bapa. Basi herufi inalala juu ya pete kama chapati juu ya chapati, na mkono unashika. Mkeka mmoja husoma herufi chache tu, kwa hiyo protini nyingine huunganisha mikeka miwili au zaidi ili zisikosee kopi. Nyingine hutumia kidole kidogo kinachoshikiliwa na chembe ya zinki.

Ila kushika peke yake hakutoshi. Mkono ukishashika kopi, sehemu nyingine ya protini huita wenzake. Ikiita wakataji, kopi inachanwa. Ikiita walinzi, kopi inaishi na kusomwa mara nyingi. Mfano ni protini yenye jina gumu la ZC3H11: joto likizidi, huzilinda kopi za protini zinazosaidia nyingine zisiharibike.

Mfano ulio wazi zaidi ni RBP10. Protini hii hupatikana kimelea kikiwa kwenye damu. Hutafuta kopi zenye herufi UAUUUUUU kwenye mkia wake, na nyingi kati ya hizo ni mapishi ya maisha ya ndani ya mbung'o. RBP10 huzizuia zisisomwe na kuzifanya zichanwe. Utafiti uliochapishwa 2017 na watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, ulionyesha kwamba ukiipunguza RBP10, kimelea cha damuni hupoteza uwezo wa kuendelea kuishi kama cha damuni na kuanza kukua kama cha tumboni mwa mbung'o. Ukiiwasha ndani ya kile cha mbung'o, kinageuka kuelekea maisha ya damuni. Protini moja tu!

Kabla ya hapo, 2012, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walifanya jambo lililowashtua wenzao. Walichukua vimelea vya aina ya tumboni, wakavifanya vitengeneze RBP6 kwa wingi ndani ya chupa ya maabara. Bila mbung'o yeyote, vimelea vilipitia hatua zote hadi ile ya kuambukiza, na vilipowekwa kwa panya, panya waliugua. Kwa watafiti hiyo ilikuwa ahueni kubwa. Awali, kupata vimelea vya hatua hiyo kulihitaji kufuga mbung'o, kuwaambukiza, na kuchokonoa tezi za mate moja moja.

Je, kuna dawa inayozilenga RBP6 na RBP10? Hapana, na sababu mojawapo ni hii: mikeka ya aina hiyo imejaa hata kwenye seli zetu. Dawa inayoishika ya kimelea inaweza kuishika na ya mgonjwa. Wagonjwa wa malale wanajua maana ya dawa isiyochagua. Melarsoprol, iliyotengenezwa kwa aseniki na kutumika kwa miongo mingi, iliua takriban wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliodungwa.

Hata hivyo njia ya RNA imeshafunguka kwa upande mwingine. Kuna protini iitwayo CPSF3, mkasi unaokata kopi ndefu wakati wa kuziandaa. Binadamu pia anao, lakini mfuko wa ule wa kimelea una tofauti ndogo ya umbo, na dawa iitwayo acoziborole huingia humo na kuuziba. Mkasi ukikwama, kopi haziandaliwi, kimelea kinakufa.

Majaribio yake yalifanyika Kongo ya Kinshasa na Guinea kwa wagonjwa wa malale ya aina ya gambiense, ambayo ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi Afrika. Matokeo yalitoka 2022: baada ya miezi 18, takriban asilimia 95 ya waliokuwa wamefikia hatua ya ubongo walikuwa wamepona. Dozi yenyewe ni vidonge vitatu, vinavyomezwa kwa mara moja.