Biashara ya Baruti: Faili za Mkaguzi Zinavyosema Mengi Kuliko Vitabu vya Kampuni

Anayetaka kujua kampuni ya baruti ya enzi za Malkia Victoria iliendeshwaje, asianze kuitafuta kampuni yenyewe. Vitabu vyake vya hesabu huenda havipo tena. Kampuni moja ikiinunua nyingine, kitu cha kwanza kutupwa ni madaftari ya aliyenunuliwa. Aanze kwa mkaguzi wa vilipuzi wa serikali. Baruti iliitia hofu serikali ya Uingereza, na serikali ikiogopa kitu hukifungulia faili.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Desemba 1867, mjini Newcastle, nitrogliserini iliyokutwa imehifadhiwa katikati ya mji ilipelekwa kwenye uwanja wa Town Moor ili iteketezwe. Ikalipuka. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo John Mawson, sherifu wa mji, aliyekwenda kusimamia kazi hiyo. Mwaka 1869 Bunge likapiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kusafirisha nitrogliserini bila leseni maalumu.

Katika mazingira hayo ndipo Alfred Nobel alipokuja kutafuta mtaji. Tayari alikuwa na hataza ya Uingereza ya mwaka 1867 kwa ajili ya dainamiti, yaani nitrogliserini iliyofyonzwa na udongo mwepesi hadi ikawa kitu kinachoshikika na kufungwa kwenye karatasi. Waliomsikiliza ni matajiri wa Glasgow, akiwemo mjenzi wa meli Charles Randolph. Mwaka 1871 wakaunda British Dynamite Company, ambayo mwaka 1877 ilibadilishwa kuwa Nobel's Explosives. Hiyo ndiyo kampuni ninayoishika hapa kama mfano, kwa kuwa karibu kila aina ya karatasi ambayo biashara hii iliacha nyuma inapatikana kwake.

Kiwanda kilijengwa Ardeer, kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya Ayrshire, na uzalishaji ukaanza 1873. Mahali pale palikuwa pakame na pa upepo, na hapakufaa kwa kilimo. Kwa mwenye kiwanda cha baruti hiyo ilikuwa bahati. Mchanga ulirundikwa kuzunguka kila kibanda ili kimoja kikilipuka kisiwashe cha jirani. Bahari nayo ilikuwa barabara, kwa sababu kampuni za reli zilikataa kubeba dainamiti. Gharama ya usafiri, zaidi ya kemia yenyewe, ndiyo iliyoamua nani auze wapi na kwa bei gani, na hilo linasahauliwa mno na wanaoandika historia ya Nobel kama historia ya uvumbuzi tu.

Kazi yenyewe ilifanyika juu ya kilima. Gliserini ilitiwa kidogo kidogo kwenye mchanganyiko wa asidi, na nitrogliserini iliyopatikana iliteremka kwenye mifereji kwa uzito wake mwenyewe, kwa kuwa kuisukuma kwa pampu ilikuwa kuomba balaa. Kando ya chombo aliketi mtu mmoja, macho kwenye kipimajoto, juu ya kigoda chenye mguu mmoja. Akisinzia, anaanguka na kuzinduka. Joto likipanda kupita kiasi, anafungua mlango wa chini na kuuachia mchanganyiko wote uzame kwenye tangi la maji. Hasara ya shehena nzima, lakini kilima kinabaki.

Mwanya mkubwa kwa mtafiti unatokana na ajali ya London. Tarehe 2 Oktoba 1874 jahazi lililoitwa Tilbury, lililobeba baruti, lililipuka kwenye mfereji kando ya Regent's Park. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Vilipuzi ya 1875. Kuanzia hapo hakuna aliyeanzisha kiwanda kipya bila leseni, na leseni ilidai ramani. Ilitaja kila jengo, kazi inayofanyika humo, uzito wa vilipuzi unaoruhusiwa, idadi ya juu kabisa ya watu wa kuwemo, na umbali kutoka jengo moja hadi jingine. Ukitaka kupanua, unaomba upya.

Thamani ya karatasi hizo kibiashara ni kubwa. Mtu asiye na daftari moja la mauzo anaweza kuzipanga leseni kwa miaka yake na kuona kiwanda kikikua: mwaka huu vibanda vimeongezwa, mwaka ule uzito umepandishwa, mwaka mwingine laini nzima imefungwa. Huwezi kujua faida, lakini unaujua uwezo wa kuzalisha. Tena mwenye kiwanda asingeweza kuupamba kama alivyoupamba kwenye orodha yake ya bei, kwa kuwa mkaguzi angefika kuhesabu. Mkaguzi Mkuu wa kwanza, Vivian Dering Majendie, alishika kazi hiyo tangu 1871 hadi alipofariki 1898, na taarifa zake za kila mwaka zinaeleza ajali moja baada ya nyingine, pamoja na chanzo kadiri kilivyobainika. Humo ndimo pia wafanyakazi wanapojitokeza, hasa wasichana waliokuwa wakijaza na kufunga dainamiti kwenye vibanda vile vidogo. Mara nyingi, kwa masikitiko, wanajitokeza kwa sababu wameumia au wamekufa.

Hatua ya pili ni kwa msajili wa makampuni. Sheria ya Makampuni ya 1862 iliitaka kila kampuni kuwasilisha orodha ya wanahisa kila mwaka, kwa majina, anwani na kazi zao. Faili za makampuni yaliyovunjwa ya Uingereza na Wales ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, London, mfululizo wa BT 31; za Scotland ziko Edinburgh, BT2. Anayetafuta kampuni ya Glasgow huko Kew anajichosha bure. Matangazo ya kufilisika na kufungwa yalichapwa kwenye gazeti rasmi la serikali.

Mahakama nazo zina hazina yake. Mwaka 1887 Nobel alibuni balistaiti, baruti isiyotoa moshi. Miaka miwili baadaye Frederick Abel na James Dewar, waliokuwa kwenye kamati ya serikali iliyokuwa ikichunguza baruti za aina hiyo, wakachukua hataza ya kodaiti, inayokaribiana nayo mno. Kampuni ikashtaki na ikashindwa hadi ngazi ya mwisho mwaka 1895, kwa kiasi kikubwa kwa sababu hataza ya Nobel ilitaja nitroselulosi inayoyeyuka, ilhali serikali ilitumia isiyoyeyuka. Neno moja likagharimu soko la jeshi. Ila kwa mtafiti kesi ile ni neema: wataalamu waliapishwa na kueleza mbele ya majaji mambo ambayo kiwandani yalikuwa siri.

Ushahidi mwingine uko nje ya Uingereza. Mwaka 1886 kampuni ya Glasgow na wenzake wa Ujerumani waliunganishwa chini ya Nobel-Dynamite Trust ya London ili kupunguza ushindani. Ukiritimba huo ulifika hadi machimbo ya dhahabu ya Transvaal, ambako serikali ya Paul Kruger ilitoa haki ya pekee ya kuuza dainamiti na Trust ikawa na fungu lake ndani. Kiwanda cha Modderfontein, karibu na Johannesburg, kilifunguliwa 1896. Wenye migodi walilalamikia bei, na tume ya uchunguzi ya 1897 ikayaandika malalamiko yao.

Mwaka 1926 warithi wa Nobel wakawa mojawapo ya nguzo nne za ICI, kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza. Miaka ya 1990 biashara ya vilipuzi ya ICI ilichukuliwa na lililokuwa tawi lake la Australia, ambalo leo linaitwa Orica na linahudumia migodi hadi Tanzania. Mtaalamu wa ulipuaji wa kwetu, pamoja na sheria zetu za leseni, maghala na wakaguzi, yumo kwenye ukoo huu.

Tahadhari moja kuhusu vitabu. Historia ya ICI ya W. J. Reader, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka 1970, ni kazi nzuri na hakuna anayeweza kuiruka. Lakini iliagizwa na ICI yenyewe, na Trust inaonekana humo kutokea kwenye meza ya wakurugenzi. Isomwe sambamba na ushahidi wa tume ya Transvaal, ambako wenye kuzungumza ni wanunuzi.